Mheshimiwa na Jina la Mkewe

Wiki iliyopita walikuja vijana wa kamati ya kumbukumbu, wamevaa khadi, kile kitambaa cha pamba cha wapigania uhuru, iliyopigwa pasi mpaka inakata, wakaniomba niwasimulie maisha ya kaka yangu, Muktinath Mishra. Walitaka hotuba zake. Walitaka jela. Walitaka siku alipoapishwa uwaziri na siku aliposhuka kwenye ndege ugenini akiwa balozi wa India. Nikawaambia hayo yote yameshaandikwa, nendeni mkasome, macho mnayo. Mimi nina moja tu la kuwapa, nalo linamhusu shemeji. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Babu, kwani mkewe naye alikuwa kwenye siasa?" Nilicheka mpaka tambuu ikanitoka mdomoni.

Basi hawakuandika kitu, wakanywa chai wakaenda zao. Nimeona nisimulie mwenyewe kabla sijafa nalo.

Utotoni kaka hakuwa mtu wa ajabu. Tulizaliwa hapa Kamaldih, kaskazini mwa Bihar, penye mabwawa mengi kuliko njia, na nyumbani alijulikana kwa mambo mawili: hawezi kutofautisha mpunga na magugu, na hanyamazi. Marehemu baba alikuwa akisema mtoto huyu ukimwagia maji atabishana na ndoo. Akapelekwa Patna kusoma, akarudi na miwani na maneno ya uhuru, na kabla hajayamaliza maneno yenyewe akaozwa. Kwetu mtu anaozwa kwanza, habari za kukomboa nchi zinafuata.

Bibi harusi alitoka Harinagra, ng'ambo ya mto. Siku aliposhushwa kwenye machela mlangoni kwetu akawa Mharinagra, na Mharinagra akabaki. Mwanamke akiolewa huku, jina lake hulala kwao pamoja na vidoli vyake. Huku ataitwa kwa kijiji alikotoka, na akishazaa ataitwa mama fulani. Jirani yetu wa kulia alikuwa Mdumri, wa kushoto Mbelahi, na nyuma ya bwawa kulikuwa na Wakothia wawili, Mkothia mkubwa na Mkothia mdogo, ambao walikuwa hawapatani.

Na jina la mume ndiyo kabisa. Mke akilitaja anampunguzia mume umri wake, ndivyo tulivyolelewa, na shemeji hakuwa mtu wa kucheza na umri wa mtu. Mukti kwa lugha yetu ni wokovu, na wokovu kila mtu anauomba kwa Mungu. Yeye akifika hapo katika sala zake alikuwa akisema, "Na unipe lile jambo zuri la mwisho, unalijua." Nikamtania siku moja kwamba Mungu atampa sufuria mpya. Akanirushia mwiko.

Tulitaniana sana, mimi na yeye. Shemeji asiyetaniwa ni mgeni. Nami nilikuwa na kazi kubwa nyumbani ambayo hakuna kitabu kitakachoitaja: mbele ya mama, mume na mke hawasemezani moja kwa moja, kwa hiyo maneno yao yote yalipitia kwangu. Wameketi umbali wa mkono, lakini huyu ataniambia mimi nimwambie yule, na yule ataniambia mimi nimjibu huyu. Nimewapatanisha, nimewagombanisha, na mara nyingine niliongeza chumvi yangu kidogo.

Mwaka ule Waingereza walipoambiwa waondoke, kaka akatoroka kwenda kuwaambia kwa karibu zaidi, na polisi wakaja nyumbani kumtafuta. Mimi nilikuwa shambani. Mkubwa wao akamkuta shemeji uani, amekaa juu ya sanduku la sari. "Mumeo anaitwa nani?" Kimya. "Yuko wapi?" Kimya. "Nitakufunga wewe mwanamke!" Shemeji akavuta ushungi wa sari mpaka kidevuni, akageukia ukuta. Walipiga kelele, wakavunja mitungi miwili, wakaondoka. Gazeti moja la Patna likaandika habari za "mwanamke shujaa wa Kamaldih, ambaye hata mbele ya bunduki hakukubali kulitaja jina la mumewe." Kaka alikamatwa baadaye, akaisoma habari ile jela, na wenzake wanasema alilia kwa fahari. Mimi nilipomsomea shemeji, alishika kiuno.

"Hee, shemeji! Kwani walitaka nilitaje? Pale? Mbele ya wanaume?"

Nilimwambia asimwambie mtu yeyote sababu ya kweli. Ushujaa ukishakuja nyumbani haurudishwi.

Uhuru ukaja, na kaka akaitwa Delhi kwenye Bunge la Katiba. Huko ndiko alikojipatia jina kubwa. Kulikuwa na waheshimiwa waliosema kura wapewe waliosoma kwanza, wanawake wa vijijini wangoje, hawajui hili wala lile. Kaka akasimama, na alivyokuwa yeye akisimama, ukae. Alisema mwanamke anayejua kugawa samaki mmoja kwa watu wa nyumba nzima bila mtu kununa anajua siasa kuliko sisi sote humu. Watu wakapiga meza. Magazeti yakaandika. Mimi nikajua moja kwa moja anamsema nani, maana huyo samaki tulimla pamoja.

Basi ukaja uchaguzi wa kwanza, na kaka akajitokeza kugombea. Makarani walishapita nyumba kwa nyumba kuandikisha wapiga kura. Kamaldih walipiga hodi kila mlango. "Jina?" Kutoka nyuma ya mlango: "Mama Lakhan." Mlango wa pili: "Mke wa mganga." Wa tatu: "Mkwewe Harihar." Wakaandika walivyoambiwa. Na kumbe haikuwa kwetu tu. Delhi ikatoa amri kwamba asiye na jina lake mwenyewe afutwe, halafu kwa huruma wakaongeza muda kidogo kwa upande wetu. Afisa angekuja Kamaldih siku moja tu, mwanamke atakayetaja jina lake na la mumewe ataandikwa, asiyetaja atakaa nyumbani siku ya kura. Katika kijiji chetu, wanawake walioolewa wote walikuwa wamefutwa. Na wa kwanza kabisa kwenye hao waliofutwa alikuwa mke wa Mheshimiwa Muktinath Mishra.

Bwana Ripudaman, mwenye mashamba aliyekuwa akishindana na kaka, hakuichelewesha habari hiyo. Aliipeleka gulioni siku ya Jumamosi akiwa juu ya tembo wake. "Mishra amewagawia kura wanawake wa India nzima," akasema, "na kwake nyumbani hakuna hata mwanamke mmoja mwenye jina! Sijui wanawaitaje. Labda wanawapigia makofi!" Kicheko kilitangulia kufika nyumbani kuliko kaka mwenyewe.

Kaka akafika kutoka Delhi amenuna. Akaketi kula, mama akiwa kwenye kigoda chake anachambua dengu, na shemeji nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi katikati, kazini kwangu.

"Giri," kaka akaniambia, "muulize mtu wa humo ndani, kwa nini hakulitoa jina lake?"

Sauti ikatoka jikoni. "Shemeji, mwambie kaka yako yule karani alikuwa mwanaume."

"Mwambie najua alikuwa mwanaume! Makarani wote ni wanaume!"

"Basi mwambie amejijibu."

"Mwambie jina ni haki yake! Nimelipigania miaka!"

"Mwambie wali unapoa."

Mama alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika. Nikaona nitoe ushauri wangu. "Kaka, kanuni nimeisikia. Mume anaruhusiwa kumtajia mkewe. Afisa akija, wewe mtajie tu jina, yaishe."

Kaka akafungua mdomo. Akamtazama mama. Akafunga mdomo, akashika tonge. Mtu huyu aliwajibu Waingereza mahakamani, na mawaziri wakuu wa majimbo walikuwa wakikwepa kubishana naye, lakini kulitaja jina la mkewe mbele ya mama yake mzazi hakuweza. Na msimcheke. Hata mimi nisingeweza, wala baba hakuwahi. Ni sawa na kuvua nguo uani.

Baadaye tulipokuwa tunanawa, akaninong'oneza, na wala hakuwa anahutubia. "Giri, nikishindwa uchaguzi nitakula wali nitalala. Ripudaman achukue, aende Delhi na tembo wake. Lakini huyu asipopiga kura, mimi nilikaa jela bure."

Kesho yake akaamua kuwaelimisha. Wanawake wakaitwa uani kwetu, wakakaa nyuma ya pazia la mianzi, na kaka akasimama upande huu akaanza. Alianza na Waingereza, akapita kwenye ndoa za utotoni, akaingia kwenye Katiba ibara kwa ibara. Mama akasinzia. Mbuzi akaingia, akasikiliza, akatoka. Mwishowe Mdumri, ambaye hajawahi kuogopa mtu, akauliza kupitia kwangu, "Bwana Giri, muulize Mheshimiwa. Jina nikishampa huyo afisa, atalipeleka wapi?"

Kaka akafurahi kwamba ameulizwa swali. "Mwambie litachapishwa!" akasema. "Litachapishwa vizuri kabisa, na kubandikwa ukutani pale shuleni, ili kila mtu alisome!"

Nyuma ya pazia bangili zikaanza kulia, za wanawake wanaosimama. Jina la mke wa mtu, ukutani, lisomwe na kila mhuni anayetoka kununua sigara zake za biri! Walitoka wote kwa pamoja. Hata Mkothia mkubwa na Mkothia mdogo walitoka wameshikana mikono. Kaka akabaki anaitazama mianzi.

"Nimesema nini?" akaniuliza.

"Kaka," nikamwambia, "bora ungeishia kwenye ibara."

Siku ya afisa ikafika. Mvua zilikuwa zimekwisha na mpunga umeanza kuinama. Afisa mwenyewe aliitwa Awadh Lal, mtu wa mjini, mnene, mpole, amechoka. Vijiji vyote alivyopitia alikuwa amelishwa kunde na kunyimwa majina. Tukamweka barazani kwenye kitanda cha kamba. Wanawake wakaja, kwa sababu kaka aliwasihi na kwa sababu walitaka kumwona, wakajaa nyuma ya pazia. Akafungua kalamu.

"Jina?"

"Mama Lakhan."

"Jina lako mwenyewe, mama."

"Ndiyo hilo, baba."

"Na la mume?"

Kicheko. Mwingine akasema mumewe ni "yule mwenye nyati kipofu." Mwingine akasema, "Andika tu baba yake watoto." Awadh Lal akajaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akajaribu kwa kuwaelezea habari za mshahara wake. Jua likapanda. Kaka alikuwa ameketi pembeni na jasho linamtoka kama yeye ndiye anayeandikishwa, kila mara anamtazama mama, kila mara anatazama chini. Mwishowe afisa akafunga kalamu, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mheshimiwa," akamwambia kaka, "nisamehe. Kanuni ni kanuni. Kwa jua hili nikichelewa sifiki kijiji kinachofuata."

Hapo nikasikia bangili zikigongwa kwenye mianzi, shemeji ananiita.

"Shemeji," akaniambia, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani yake, kama mtu anayezuia chafya, "mwambie mgeni asiondoke na njaa. Na umuulize mama: mwanaume anayekuja nyumbani kwa watu kuuliza majina ya wanawake, kwetu anaitwa nani?"

Nikamuuliza mama. Mama akaacha dengu zake. Akamtazama Awadh Lal juu mpaka chini, na polepole uso wake ukafunguka.

"Mposaji," akasema. "Anayeuliza majina ya wanawake ni mposaji. Mketisheni! Ameketi muda wote huu na hatujampa chakula wala matusi!"

Mjue kwamba kwetu mgeni wa upande wa bwana harusi akila bila kutukanwa huenda nyumbani amenuna, anasema hawakutuheshimu. Wanawake huimba matusi toka nyuma ya pazia, wanamtukana kwa jina, wanamtukana shangazi yake, wanamwoza kwa mbwa wa kijiji, na kadiri yanavyozidi ndivyo anavyoongeza mtindi. Na katika nyimbo hizo hakuna haya wala miko. Jina lolote linaimbwa. Aliyeimba hakusema, ameimba tu. Mama yeye kwa ujane wake hakai na waimbaji, desturi haimruhusu, lakini kuamuru hakukatazwa na mtu.

Likaletwa jani la mgomba, pepeta ya mpunga mpya, mtindi mzito, sukari, achari ya maembe. Awadh Lal, maskini, tonge la kwanza halijafika mdomoni, shemeji akapandisha sauti. Alikuwa na sauti ya kwanza katika harusi zote za ng'ambo hii ya mto.

*Mposaji katoka mjini, tumbo mbele, yeye nyuma,*
*kaja mikono mitupu, hata samaki hakuleta.*
*Mke anataka huyu! Tumpe nani, dada zangu?*
*Mpeni Ramrati wa Sukhdev, ana meno ya kutafuna;*
*Sukhdev abaki na nyati, nyati kipofu hatamkimbia!*

Pazia zima likalipuka. Na kupita vicheko vyote ikasikika sauti ya Mdumri, "Muongo huyu! Mimi siendi na mnene! Niacheni na Sukh... na huyo wangu!"

Awadh Lal alikuwa ameachama, mtindi kwenye masharubu. Halafu nikaona macho yake yanafunguka. Mkono wa kulia una chakula, wa kushoto ukawa unatafuta kalamu.

"Ramrati," akasema. "Mke wa Sukhdev?"

"Sukhdev Thakur," nikasema. "Andika!"

"Ndiye mwenyewe aliyejibu?"

"Umemsikia amekukataa."

"Nimemsikia," akasema Awadh Lal kwa furaha kubwa, akaandika.

Nyuma ya pazia kukawa na minong'ono. Kila mwanamke anamnong'oneza jirani yake jina alilolizika tangu siku ya machela, na jirani anampelekea shemeji au analiimba mwenyewe. Mdumri alilipa kisasi kwa Mbelahi papo hapo: *Mpeni Sugandhi wa Harihar, akipika wali watu wanahama!* Mbelahi akamtupa Mkothia mkubwa, na Mkothia mkubwa akaimba jina la Mkothia mdogo, ambaye alikuwa hajamsemesha tangu ugomvi wa bata, akamsifia macho yake katikati ya matusi, na wote wawili wakaanza kulia na kucheka. Waume waliokuwa wamejificha nyuma ya zizi wakajitokeza mmoja mmoja ili wasikie wameachiwa nini. Huyu ameachiwa nyati, huyu ameachiwa mama mkwe, yule mganga ameachiwa dawa zake azinywe mwenyewe. Kila aliyetajwa alijifanya amekasirika na kusimama wima zaidi. Awadh Lal alikula jani la pili. Alimwoa kila mwanamke wa Kamaldih na kuandika kila ndoa kwa mwandiko mzuri.

Katikati ya kelele mama akasimama kutoka kwenye kigoda. Nyimbo zikakatika. Akaja mpaka mbele ya baraza, ushungi kichwani, akamwambia afisa, "Mimi usiniimbie. Mimi sina wa kumwonea haya, aliyekuwepo yuko mbinguni, na akitaka kunigombeza atangoja nifike. Andika. Mainawati. Mjane wa Jagannath Mishra." Akarudi, akaketi, akachukua dengu zake. Jina hilo nilikuwa nalijua, kuhani hulitaja kwenye matambiko, lakini toka kinywani mwake sikuwahi kulisikia. Lilikuwa jina la msichana.

"Basi," akasema Awadh Lal, akifuta masharubu. "Mungu awabariki. Wote wameisha?"

Wanawake walianza kunong'ona, "Mharinagra je? Mharinagra hajaimbwa! We Mharinagra, ninong'oneze basi, nikuoze!" Alikuwa amewaoza wote, na mwenyewe amebaki. Nikasogea kwenye pazia.

"Shemeji, upesi, mpe jina Mdumri."

Akajibu, wala hakunong'ona.

"Shemeji, mwambie kaka yako wanawake wote wa Kamaldih wameimbwa. Amebaki mmoja. Na humu ndani hakuna anayelijua jina lake. Yupo mmoja tu anayelijua, na amekaa huko nje."

Sikuhitaji kulipeleka. Watu wote walisikia, mpaka waume kule zizini. Kaka alisimama. Miwani ilikuwa imeingia ukungu. Akanitazama mimi kana kwamba nimsemee. Nikatikisa kichwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikagoma kazi. Akamtazama mama.

Mama akavuta ushungi, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Mimi ni mzee," akasema kwa sauti kubwa. "Sisikii kitu. Siku hizi sisikii hata radi."

Basi kaka akaimba. Wanaume hawaimbi nyimbo hizi, na yeye hakuwahi kuimba wimbo wowote. Alikuwa na koo la hotuba. Sauti ilimtetemeka, haikukaa mahali pamoja, hata mbwa aliinua kichwa.

*Mpeni… mpeni Jaimanti wa Muktinath,*
*mgawa samaki, mtunza nyumba, mchumba wangu toka ujana;*
*na Muktinath abaki na nini? Abaki na Delhi yake,*
*na Delhi bila Jaimanti ni njaa tu, dada zangu.*

Hakuna aliyecheka. Nililia, wala sioni haya kusema. Alilia hata mganga. Awadh Lal ndiye aliyetuokoa. Aliandika, akapuliza wino ukauke, akasema kwa uzito wote wa serikali, "Huyu namrudisha kwa mwenyewe. Simwezi." Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na cha kwanza kilikuwa cha shemeji. Mama akatoa mikono masikioni, akauliza mbona watu wanacheka, kwani kumetokea nini.

Siku ya kupiga kura ilikuwa na ukungu na baridi kali. Wanawake wa Kamaldih walikwenda kwa mguu, wameficha makaa kwenye vyungu chini ya shali, wakiimba. Masanduku yalikuwa yamepangwa ndani nyuma ya kitambaa, kila mgombea na lake, na picha juu. Unaingia peke yako, unatumbukiza karatasi kwenye sanduku la unayemtaka, unatoka. Karani akaita, "Jaimanti Devi, mke wa Muktinath Mishra!" Nilikuwa kwenye mstari wa wanaume. Nilimwona akisita, anatazama nyuma, kama anayeitwa ni mtu mwingine. Halafu akasema, "Nipo," na akaingia. Alikaa humo ndani muda mrefu kidogo kuliko wengine.

Kaka alishinda, tena vizuri. Tembo wa Ripudaman alionekana akirudi nyumbani bila maua. Kaka akaenda Delhi, akawa waziri, akatumwa nchi za mbali, akala na wafalme. Na shemeji alikwenda naye, akawafundisha wake za mabalozi kula kwa mikono, na kila mwaka maembe yakiiva walirudi Kamaldih. Hayo mtayakuta kwa kamati.

Lakini kuna jambo moja lililomkera kaka maisha yake yote. Alitaka kujua shemeji alitumbukiza karatasi yake sanduku gani. Aliniagiza nimuulize tangu jioni ile ile, na kila mara nilirudi na jibu kwamba wali unapoa; hata Delhi, walikokuwa peke yao, alijibiwa hilo hilo. Kisha mama akafariki, ameshiba miaka, na katika nyumba ile hapakuwa tena na wa kuonewa haya. Mume na mke wangeweza kusemezana wazi. Mimi nikastaafu.

Neno la kwanza alilomwambia uso kwa uso pale nyumbani, barazani, mimi nikiwa nimekaa hapo na tambuu yangu, lilikuwa hilo hilo. "Sasa niambie mwenyewe. Ulimpa nani kura?"

Shemeji alikuwa anamenya embe. Hakuliacha mpaka akamaliza ganda lote.

"Mimi mkeo ningekwambia," akasema. "Lakini aliyepiga kura ni Jaimanti, na huyo hasemi."